Mtu Aliyekwenda Kutazama Sululu

"Rudia tena," Swalha alisema. "Anzia pale mlipotoka msikitini."

Mbarak alitabasamu, akakiweka kikombe chake cha chai juu ya katoni lililofanywa meza. Hakuonekana kuchoka kuulizwa. Alikuwa mtu wa Dar, mzungumzaji hodari, aliyezoea kuuza mikoba kwa mdomo kabla mteja hajaigusa, na kofia yake ya kiua ilikaa kichwani bila kupinda.

"Hii ni mara ya pili, Bi Swalha."

"Na ya tatu itakuja ikibidi. Mimi msahaulifu."

Uongo mtupu. Kabla ya kuhamia China, Swalha alikuwa mpelelezi wa forodha bandarini Unguja, na wafanyabiashara Waafrika wa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, walimkodi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba alikuwa hasahau. Mtu akimwambia kitu mara mbili, yeye huyashika maneno yote mawili na kuyalaza pamoja, aone wapi hayakutani.

Walikuwa kwenye ofisi ya Fathiya, mfanyabiashara wa mikoba, ghorofani kwenye jengo la Tianxiu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Fathiya mwenyewe alikaa nyuma ya meza, mtandio umeteremka mabegani, macho mekundu. Pembeni yake, Caro wa Nairobi, aliyekodi nusu ya ofisi hiyo kuuza vifuniko vya simu, alijifanya anahesabu mali huku masikio yake yote yako huku.

"Haya," Mbarak akaanza. "Ilikuwa Juni, wiki ile ya sikukuu yao ya kiangazi. Nimekwenda Stockholm kumwona dada yangu Zainabu. Jioni tumesali magharibi msikitini, sala ya jamaa. Natoka, navaa viatu, namwona Abdulsamad. Ana kifuko mkononi, anakwenda mbio. Nikamfuata nimsalimie. Giza limeshaingia, taa za barabarani zinawaka. Akaingia kwenye duka la mikoba, hilo hilo mlilonalo kwenye picha. Kwa kioo nikamwona anamtolea mama wa dukani mkoba kutoka kwenye kifuko. Mama alikuwa na mteja, akamwomba asubiri kidogo, akaushika ule mkoba kwa mikono miwili. Nikaona mwenzangu ana biashara zake, nikaenda nyumbani. Dada ameshapakua."

Yalikuwa yale yale ya mara ya kwanza, neno kwa neno, na safari hii ameongezeka mteja. Swalha aliitikia kwa kichwa.

"Pasipoti yako nikiomba kuiona?"

"Iko uhamiaji, wananiongezea viza." Mbarak akatoa risiti mfukoni. Ilikuwa risiti halali, yenye muhuri. "Wamesema Jumatano ijayo."

"Na leo Ijumaa."

"Na leo Ijumaa," Mbarak alikubali kwa upole, akasimama, akawaaga wanawake mmoja mmoja kwa heshima, akatoka.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Baada ya sala ya Ijumaa, Odhiambo, mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, alikuwa ameitisha kikao. Kwenye kikao hicho ingeamuliwa kama Abdulsamad, wakala wa mizigo, ni mwizi. Wakisema ndiyo, jina lake lingetumwa kwenye makundi ya wafanyabiashara wa Dar, Unguja, Mombasa na Nairobi kabla ya alasiri. Hakuna ambaye angempa tena hata kiatu kimoja akisafirishe. Bila mizigo hana ofisi, bila ofisi hana kibali cha kukaa, na mtu aliyeishi Guangzhou miaka yote hiyo angerudi kwao Pemba na sanduku moja na jina baya.

Kisa chenyewe kilikuwa mkoba. Fathiya na mama yake walikaa miaka miwili wakibuni namna ya kuuingiza msuko wa ukili, ule wa mikeka ya kwao, ndani ya ngozi. Kiwanda kimoja cha ngozi huko Shiling, nje ya Guangzhou, kikafanikiwa kuutengeneza. Sampuli zilikuwa mbili tu: moja ilibaki kiwandani, moja Fathiya alimkabidhi Abdulsamad aipeleke Unguja kwa mama. Ile ya Unguja ilichelewa kufika. Kabla haijafika, duka moja la Stockholm likaweka mtandaoni picha ya dirisha lake la kiangazi, na katikati ya dirisha, juu ya maua, mkoba wa Fathiya. Ndani ya wiki hiyo hiyo Abdulsamad alikuwa Sweden. Pasipoti yake ilisema hivyo, na mwenyewe hakukataa.

"Tiketi za treni alinionyesha," Swalha alisema. "Alikwenda kaskazini kabisa siku ya pili baada ya kufika, akarudi siku ya kuondoka."

"Tiketi mtu anaweza kununua na asipande," Fathiya alijibu. "Tiketi haina macho. Mbarak ana macho."

"Mimi kilichoniua ni hiyo story ya ndege," Caro akaingilia, kuhesabu kumemshinda. "Madam, mtu anatoka Guangzhou, anaomba viza ya Ulaya, analipa nauli, anaenda kukaa kwa kinamasi kuangalia ndege. Si kuwala, si kuwauza. Kuwaangalia. Manze, hata wewe ungeamini?"

Hata Swalha alikuwa hajaamini. Alichukua mwavuli wake, akamwambia Fathiya asitume jina la mtu popote mpaka arudi. Fathiya akainamisha kichwa. Swalha aliujua ule uinamishaji.

"Umeshatuma."

"Kundi la Unguja tu. Asubuhi. Nilikuwa na hasira, Bi Swalha."

"Basi muombe Mungu Abdulsamad awe mwizi kweli," Swalha alisema, akaondoka.

*

Nje, mtaa wa Dengfeng ulikuwa umeshajaa watu, joto la Julai limekaa juu ya vichwa vyao, wabadilisha fedha wanaita, mwenye duka la simu anamwambia mteja wake "meiyou, meiyou", yaani hakuna, bila hata kuinua uso. Swalha alipita katikati, akavuka barabara kubwa, akapanda kilima cha bustani ya Yuexiu. Aliambiwa Abdulsamad huwa huko kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi. Alidhani siku kama ya leo hatamkuta.

Alimkuta. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya miti, darubini machoni, fulana imemgandia mgongoni kwa jasho. Mtu mwembamba, wa makamo, mwenye ndevu zilizoanza kuwa na mvi. Aliposikia hatua aliinua mkono mmoja, kiganja kikitazama chini, na Swalha akajikuta amesimama kama mtoto wa shule. Kitu fulani cheusi na chekundu kiliruka kutoka kwenye tawi, kikaenda zake. Ndipo Abdulsamad alipoteremsha darubini.

"Samahani, Bi Swalha. Alikuwa anakunywa umande."

"Saa chache zijazo watu watakaa kukuhukumu, nawe unatazama ndege anakunywa umande."

"Nikikaa ofisini natetemeka. Hapa sitetemeki."

Alimsogezea nafasi kwenye benchi. Swalha alikaa, akakunja mwavuli, akaanza kazi.

"Kule ulikokaa, nani alikuona?"

"Watu wawili. Mzee na mkewe. Walikuwa wanakuja kwenye mnara karibu kila siku. Kuna mnara wa mbao, umejengwa kando ya kinamasi kwa ajili ya watazamaji wa ndege. Yeyote anapanda, hakuna mlinzi, hakuna kiingilio."

"Majina yao?"

Abdulsamad alikuna ndevu. "Hatukuulizana majina."

"Siku zote hizo?"

"Tuliulizana ndege. Ndiyo desturi yao. Ukipanda ngazi, aliyetangulia hakuulizi wewe nani, unatoka wapi, ngozi yako imekuwaje. Anakuuliza, umeona nini? Ukimwambia, anafurahi kama kwamba umemletea zawadi. Yule mama alikuwa na darubini ya miguu mitatu. Akishamweka ndege sawasawa, anajitoa, anakuachia wewe utazame. Mumewe ana chupa ya kahawa. Tulinong'ona kwa Kiingereza kibovu, changu na chao." Akatabasamu. "Miaka yangu yote ya kusafiri, sijakaa na watu wageni kwa raha namna ile."

"Mwenye nyumba uliyolala?"

"Kibanda. Ufunguo kwenye kisanduku chenye namba, mlangoni. Sikumwona."

"Picha?"

"Sikupiga."

Swalha alimgeukia. "Hata moja? Mtu mzima, simu mfukoni?"

"Nilikwenda kutazama, Bi Swalha. Ukipiga picha unatazama simu."

Forodhani Swalha alikuwa amehoji wasafirishaji wa magendo wa kila aina, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kumwaga. Picha, risiti, mjomba wa kumpigia simu. Huyu hakuwa na hata kimoja, na hakuonekana kujua kwamba hilo ni baya kiasi gani.

"Ulisema simu haikuwa na mtandao. Caro alikutumia ujumbe wa mzigo wake, na ulionekana umeusoma."

"Nilipanda basi la kijijini kununua mkate. Dukani mtandao upo. Nilimjibu pia, muulize."

Swalha alikuwa ameshamuuliza. Jibu lilikuwepo. Aliliacha hilo, akashika lingine.

"Kwa nini Sweden? Nyote mnaopenda ndege si mnakwenda Serengeti?"

 Abdulsamad alifuta vioo vya darubini kwa pindo la fulana.

"Unamjua sululu?"

"Nani mtu wa visiwani asiyemjua. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, anachokoa kaa maji yakipwa."

"Unajua kwamba kwetu hazai?"

Swalha hakujua.

"Nimekua naye. Kila mwaka anakuja kipindi kile kile, anakaa miezi yake, anaondoka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba anakwenda wapi. Akasema kwao. Nikamwuliza kwao wapi, akasema mwulize mwenyewe. Nilipofika hapa Guangzhou, nikawa nasoma usiku kwenye mtandao, ndipo nikajua wengine huenda kule juu, kwenye vinamasi vya kaskazini, kuna baridi na misonobari. Anatoka mikokoni kwetu, anavuka jangwa na bahari, anakwenda kutaga yai kwenye majani mabichi, mbali na chumvi yoyote. Nikasema, kabla sijafa, nitamwona kwao."

"Ukamwona."

"Nikamwona." Sauti yake ilishuka. "Bi Swalha, kwetu nilimsikia akipiga mluzi tu, ule wa kushtuka mtu anapomkaribia. Nilidhani ndiyo sauti yake yote. Kule anaimba. Anapanda juu taratibu, anatandaza mbawa, anateremka huku anatoa sauti inayochemka, ndefu, hata nywele zinakusimama. Mimi nimeishi na ndege huyu maisha yangu yote na sikujua kwamba anaimba. Nililia pale juu ya mnara. Yule mama akanipa kitambaa, hakuuliza kitu."

Swalha alimpenda mtu huyu papo hapo, na jambo hilo likamuudhi. Mpelelezi akimpenda mshukiwa, kazi inakuwa mara mbili.

"Na makinda?" aliuliza kwa ukali kidogo. "Uliyaona? Midomo yao imepinda kama ya mama yao?"

"Haijapinda. Ni mifupi, imenyooka. Unaweza kudhani ni kinda la ndege mwingine. Mkunjo unakuja wanavyokua. Baba na mama wote wanalinda. Mwewe akipita wanamfukuza mpaka mwewe anajuta."

Swalha alitoa simu, akatafuta. Ilikuwa kama alivyosema, mdomo mfupi, umenyooka. Lakini mtu anaweza kusoma hayo akiwa amekaa Xiaobei, naye Swalha alijiambia hivyo.

"Niambie siku moja," alisema. "Siku yako moja nzima kule. Ulivyoamka, ulivyokula, ulivyosali."

"Hapo kwenye kusali ndipo nilipopata shida." Abdulsamad alicheka kwa mara ya kwanza. "Siku ya kwanza nimesali alasiri, nikapanda mnarani kungojea magharibi. Nikangoja. Tumbo linauma njaa, maana nilishajiwekea kwamba nakula baada ya sala. Jua haliendi chini. Linazunguka pembeni tu, juu ya misonobari, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Yule mzee na mkewe wakaaga, wakasema wanakwenda kulala. Kulala, na jua liko hapo. Mbu wananila. Kekeo anaita. Korongo wawili wametoka kwenye majani, wanarukaruka mmoja mbele ya mwenzake, wanainama, wanatupa vijiti juu. Nikasahau njaa, nikasahau magharibi. Nilipotazama saa, kwa hesabu za kwetu ni usiku wa manane. Kesho yake nikaanza kufuata saa za Makka. Wapo mashekhe wanaoruhusu."

Swalha alikuwa anatazama ncha ya mwavuli wake.

"Hiyo kaskazini kabisa," alisema taratibu. "Na Stockholm?"

"Stockholm jua linazama. Usiku ule mmoja niliolala pale niliingoja magharibi dirishani. Ilikuja imechelewa vibaya. Mji umeshanyamaza, maduka yamefungwa zamani, nami nasinzia kwenye mkeka wa kusalia."

"Saa ngapi hivi?"

"Saa nne usiku imepita."

Swalha alisimama. Hakuaga vizuri, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Alimwambia tu aende akasali, kisha aje kwenye kikao, na asichelewe kwa sababu ya ndege yeyote.

*

Mbarak alirudi kwenye ofisi ya Fathiya bila kunung'unika, kanzu yake ya Ijumaa imepigwa pasi. "Mara ya tatu," alisema. "Nilijua."

"Nisaidie tu kuweka mambo sawa kabla ya kikao," Swalha alisema. "Nataka wakiniuliza niwe na majibu. Mlisali sala gani?"

"Magharibi."

"Una uhakika? Haikuwa alasiri?"

"Magharibi, Bi Swalha. Imamu amesoma kwa sauti. Alasiri si ya sauti."

"Kweli. Halafu ukamfuata mpaka dukani moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Si mbali."

"Na duka lilikuwa wazi. Hukumwona mama anafungua mlango, au anafunga?"

"Liko wazi, taa zote zinawaka, nimekwambia hata mteja alikuwepo. Mtaa mzima uko wazi, watu wananunua vitu."

"Na nje giza."

"Giza kabisa."

Caro aliacha vifuniko vya simu. Fathiya alikunja uso, hajaelewa bado. Swalha aliweka simu yake mezani, akaigeuza ili Mbarak aisome. Ilikuwa ratiba ya sala ya msikiti wa Stockholm, mwezi wa Juni.

"Nisomee magharibi ya wiki hiyo. Macho yangu mabovu."

Mbarak aliinama. Aliitazama ile ratiba kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma tarakimu nne.

"Basi nikusomee mimi," Swalha akasema. "Saa nne usiku imepita. Wakati huo, Bwana Mbarak, mama wa dukani ameshakula, ameshaoga, amelala. Huo mtaa uliokuwa unanunua vitu umetoka wapi?"

"Labda... wao sikukuu zao, maduka yanachelewa."

"Kwetu magharibi na kufunga duka ni mtu na mdogo wake. Mwaka mzima, haisogei. Umekua hivyo, nami nimekua hivyo, kwa hiyo umesema na mimi mara ya kwanza nikakuitikia. Sikukuona mwongo. Nilikuona mtu wa pwani." Alimgeukia Fathiya. "Zainabu, dada yake, namba yake unayo?"

"Huwa namtumia khanga."

"Mpigie. Usimuulize kama kaka yake ni mkweli. Hilo dada hajibu. Muulize alipokuja mara ya mwisho alimpikia nini."

"Hakuna haja ya kumsumbua," Mbarak alisema. "Kule bado alfajiri."

Simu ilishaita. Zainabu alikuwa kwenye basi, anakwenda kazini, sauti yake imechangamka. Alimjulia hali Fathiya, na mama yake, na biashara. Fathiya aliuliza alivyofundishwa.

"Mbarak? Nilimpikia wali wa nazi na samaki, akala mpaka nikaona aibu kwa mume wangu," Zainabu alisema kutoka kwenye spika. "Lakini hiyo ilikuwa Novemba. Saa tisa mchana giza, maskini, akawa anasema huku mchana unaibiwa. Toka hapo hajaja tena. Kwani kasema anakuja?"

 Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye ndoo. Fathiya alimwambia Zainabu kwamba atampigia tena, akakata.

"Ulichokiona ulikiona kweli," Swalha alimwambia Mbarak. "Msikiti, giza, taa, duka lenye wateja. Ila ilikuwa Novemba, na aliyeingia dukani na mkoba wake wa biashara ni wewe. Ndiyo maana unajua mama yule anashika vitu kwa mikono miwili. Ulikwenda kujitambulisha kwake. Mkoba wa Fathiya ukampelekea baadaye, kwa posta, bila kutoka Guangzhou. Sampuli iliyobaki kiwandani Shiling, siyo?"

Mbarak alivua kofia yake, akaishika. Bila kofia alionekana mdogo.

"Kiwandani walinitolea. Laoban, mwenye kiwanda, alisema ni ya kuuzwa."

"Na Abdulsamad alikukosea nini?" Fathiya aliuliza. "Kakukosea nini yule, Mbarak?"

"Hajanikosea kitu." Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anauza chochote. "Mlikuwa mmeshamshuku nyote. Kwa sababu ya ndege zake. Mnamcheka, mnasema mtu mzima mwenye akili haendi Ulaya kutazama ndege. Mimi nilichofanya ni kusema mlichokuwa mnataka kusikia."

Caro aligeuka, akatazama dirishani.

*

Kikao kilikaa kwenye ghorofa ya juu ya mkahawa wa Dengfeng, meza zimesukumwa ukutani, watu wengine wamesimama ngazini. Odhiambo hakupenda maneno mengi. Alimpa Swalha nafasi, naye akasema alichokipata kwa mpangilio: sala, saa, duka, dada. Mbarak aliulizwa kama ana la kukanusha, akasema hana. Odhiambo akatangaza kwamba kesi yake itasikilizwa peke yake, na kwamba kiwanda cha Shiling kitakwenda kuulizwa. Watu walianza kuzungumza, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Sijamaliza," Fathiya alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya wanaume, mtandio umefungwa vizuri, simu mkononi. Alibonyeza kwenye kundi la Unguja, akaileta simu karibu na mdomo, akazungumza kwa sauti ambayo hata wa ngazini walisikia.

"Assalamu alaykum. Mimi Fathiya. Asubuhi ya leo niliandika humu kwamba Abdulsamad wa kago ni mwizi. Nilikosea. Aliyeniibia ni mwingine. Abdulsamad alinipelekea amana yangu mpaka mkononi kwa mama, nami nikamlipa kwa kumvunjia jina. Aliyeusambaza ujumbe wangu wa asubuhi, basi ausambaze na huu, kwa wale wale."

Aliiachia sauti ikaenda. Kisha akamgeukia mtu mwembamba aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, darubini bado inaning'inia shingoni, maana alitoka msikitini moja kwa moja.

"Sina la kusema mbele yako, kaka yangu," alisema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Unisamehe ukiweza. Usipoweza, sitakulaumu."

Watu wote walimtazama Abdulsamad. Caro alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Swalha alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake. Mtu yule alikuwa na haki ya kusema chochote, na watu wangekaa kimya wakasikiliza mpaka mwisho.

 Uso wake haukuwa na hasira, lakini haukuwa na wepesi pia. Kidonda kilikuwepo, kila mtu alikiona.

"Oda yako ya kwanza imeshatoka kiwandani?" aliuliza.

"Imetoka jana."

"Umempa nani aisafirishe?"

"Sijampa mtu," Fathiya alisema. "Nimeogopa."

"Kontena langu linafungwa Jumatatu." Alishika darubini iliyoning'inia shingoni. "Lete mikoba. Lakini ilete mwenyewe, usimtume mtu. Nataka usimame pale, unitazame ninavyoifunga, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho."

Fathiya alifunika uso kwa mtandio. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, na wote waliisikia.

"Nitakuja," alisema.